Miche Mia Tatu na Kumi na Miwili

"Usikichane," mwalimu mkuu alisema, akichuchumaa kando ya shimo. "Tunafukia na kiriba chake."

Mama Kitalu, mfagizi wa shule aliyetunza pia kitalu cha miche, alikuwa ameshika wembe tayari. Mche ulikuwa umelala mapajani mwake ndani ya kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki uliojaa udongo, naye alitaka kuuchana mfuko ule kama alivyoichana mifuko ya miche yote aliyowahi kupanda.

"Afisa wa ukaguzi akishaondoka kesho, tunaichomoa miche yote, tunairudisha kitaluni," mwalimu mkuu aliendelea. "Mvua ikija, tunapanda kweli. Hapo nani ataumia?"

Mama Kitalu alitazama juu angani. Kusema kweli, mpango haukuwa wa kijinga. Waraka wa serikali ulitaka kila mwanafunzi awe na mche wake ardhini kabla ya mwisho wa mwezi, na mvua, ambayo haisomi nyaraka, ilikuwa haijaonyesha hata wingu. Kuipanda miche sasa bila kiriba ilikuwa ni kuizika.

"Na watoto?"

"Watoto watafanya watakavyoambiwa." Mwalimu mkuu akashusha sauti. "Mama yangu, nakufikiria na wewe. Shule ikifaulu ukaguzi, waraka huu huu unatupa nafasi ya mtunza kitalu wa kudumu. Miaka kumi na moja unafagia hapa kwa kibarua. Utaitupa bahati hiyo kwa ajili ya plastiki?"

Hakuitupa. Alitia wembe mfukoni, na mchana kutwa akapita shimo hadi shimo akiwaambia watoto wafukie hivyo hivyo. Walimtazama kwa mshangao, lakini walimtii. Ndilo lililomchoma, kwamba walimtii.

Maana waraka haukuleta tarehe tu. Ulileta somo la mazingira, vipindi viwili kila wiki, na somo lenyewe lilitaka mikono iliyokwisha kushika udongo. Walimu walitazamana, kisha wakamwita yeye, mfagizi wao. Siku ya kwanza alipoingia darasani bila ufagio, watoto arobaini walisimama wakasema, "Shikamoo mwalimu," naye akageuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia. Walicheka wote, yeye akawashinda kwa kucheka. Alikuwa ameacha shule darasa la nne. Jioni ile alifika kwake, akakaa kitandani na viatu miguuni, akalia kwa furaha.

Asubuhi baada ya miche kufukiwa, afisa alikuja, mtu mpole mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa, fomu zake zimebanwa kwenye ubao. Watoto walisimama kila mmoja kando ya mche wake, mistari imenyooka hadi kwenye uzio. Alitembea akihesabu kwa kalamu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu mkuu alimfuata nyuma na tabasamu lisilotulia. Mama Kitalu alifuata nyuma zaidi, mikono ameificha ndani ya khanga.

Karibu na mwisho wa mstari afisa alisimama mbele ya msichana wa darasa la tano.

"Haya, binti. Mche unapandwaje?"

Msichana alijinyoosha. "Unamwagilia kwanza ili udongo ushikane. Unachana kiriba, unakitoa chote, usiache hata kipande. Mizizi ikikosa pa kwenda inajizunguka yenyewe, mti unakufa umesimama. Halafu ndiyo unafukia."

"Vizuri sana! Nani amekufundisha?"

"Mwalimu wetu wa mazingira." Akamwonyesha kwa kidole.

"Na huu wako ulifanya hivyo?"

Msichana hakumtazama afisa, wala mwalimu mkuu. Alimtazama Mama Kitalu na kungoja aambiwe cha kusema. Angesema lolote. Hilo Mama Kitalu aliliona wazi usoni pake, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Hakufanya," alisema yeye. "Nilimkataza mimi. Yote hii, mia tatu na kumi na miwili, ina viriba vyake."

Tabasamu la mwalimu mkuu lilitoweka.

"Kwa nini?" afisa aliuliza, bila ukali.

Mama Kitalu alipiga magoti, akaufukua mche, akautoa. "Tia mkono humu."

Afisa alisita, kisha akainama akatia mkono shimoni. Aliutoa una vumbi jekundu, mkavu, wa moto.

"Ukiupanda humo leo, wiki haiishi umekufa. Kwa hiyo tuliiweka ili uione. Lakini nimewafundisha kitu, halafu jana nikawafanyisha kingine kwa mikono yao. Hilo linaniuma, baba. Miche haijaharibika. Mimi ndiye niliyeharibu."

Afisa aligusa fomu yake kwa kalamu. "Hapa pana sehemu mbili tu. Imepandwa, haijapandwa."

"Basi andika haijapandwa."

Alijua gharama ya maneno yale. Aliiona ile kazi ya kudumu ikiondoka, na alijua kwamba kesho huenda hata ufagio hatakabidhiwa. Hata hivyo aliwageukia watoto.

"Itoeni, wanangu. Taratibu. Msiivute kwa shina, shikeni kiriba kwa chini."

Waliitoa. Watoto mia tatu na kumi na wawili wakapita uwanjani polepole, kila mmoja amebeba wake kwa mikono miwili, wakaipanga upya kitaluni chini ya kivuli cha nyasi. Hakuna aliyesukumana. Mwalimu mkuu alibaki peke yake katikati ya mashimo.

Afisa aliwafuata hadi kitaluni. Pale aligeuza fomu, upande wa nyuma usiokuwa na mistari, akaanza kuandika yale yasiyotosha katika sehemu mbili zile. Aliandika kwa muda mrefu. Mama Kitalu hakuona ni nini, wala hakuthubutu kuuliza. Miche ilikuwa imechoka na jua, ikabidi inyweshwe. Akachota maji kwa kopo la matundu, akaanza mstari wa kwanza. Macho yalimpotelea kwenye kalamu ile, maji yakapita kando yakamwagikia viatu vya afisa.

Afisa aliendelea kuandika, na hakuisogeza miguu yake.