Meza Katikati ya Mlango

Wiki ile neno "kuhama" lilitumika katika familia ile mpaka likachakaa. Mwenye nyumba alikuwa ameuza nyumba waliyoipanga miaka nenda rudi, kwa hiyo wao wakahama. Kazini kwa mume kumbukumbu zote zilikuwa zinahamishwa kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya, na kila jioni alirudi hoi akisema nusu zimehama, nusu zimegoma. Kaka mkubwa wa mke, aliyehamia ng'ambo zamani na kuokota huko mazungumzo ya puani, alipiga simu kutoa ushauri wa namna ya kufunga mizigo, maana kushauri si sawa na kubeba kabati. Na nyuki nao ilibidi wahame, mizinga yote ya mke wa nyumba ile, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyuki.

Wote walifika salama, hata vikombe. Kazi ilikuwa kwa baba yake Mama Nyuki.

Mzee huyo, Fundi Saa, alikuwa ametengeneza saa za watu maisha yake yote, ameketi nyuma ya meza yake kwenye baraza ya nyumba ile ya zamani. Siku hizi kumbukumbu zilimponyoka. Majina ya wajukuu aliyachanganya kama karata. Siku ya kuhama alikaa mbele kwenye gari ametulia tuli kama bwana harusi, wala hakuuliza kitu. Asubuhi iliyofuata alikunywa chai, akavaa kofia, akatoka. Walimkuta kwenye baraza ya zamani, anamwuliza mpangaji mpya meza yake ameipeleka wapi.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Katikati ya nyumba hizo mbili ilipita barabara kuu ya malori, na Fundi Saa alikuwa akivuka barabara kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Safari iliyofuata lori lilifunga breki mpaka matairi yakalia. Mpangaji mpya, muuguzi mwenye roho nzuri, ndiye aliyemshika mkono akamrudisha.

Kaka akapiga simu.

"Dada, nisikilize. Akitoka tena, nakuja kumchukua. Huku kuna nyumba za kulea wazee. Zina uzio, zina walinzi."

"Baba si mbuzi, kaka."

"Haya, wewe utamfungia ndani?"

Mama Nyuki akasingizia mtandao mbaya na kukata simu. Kisha akaingia jikoni akalia. Aliliogopa lile lori, na uzio wa kaka yake aliuogopa vilevile. Kumfungia baba yake mlango kwa ufunguo hakuweza, hata mkono ungekataa.

Mumewe alimfuata na kitambaa cha kufutia vyombo, akampa afute machozi.

"Kule ofisini tuna ugonjwa huohuo," alisema. "Mafaili yameshahama, lakini mashine za watu zinaendelea kuyatafuta mahali pa zamani. Inabidi uzielekeze upya, moja moja."

"Basi nenda kamchomeke mzee waya."

Wakacheka, na kicheko kile walikihitaji kuliko chai.

Jioni akaenda nyuma ya nyumba kufungua mizinga. Tangu wafike alikuwa ameziba midomo ya mizinga hiyo kwa wavu ili nyuki watulie. Sasa aliondoa wavu, akakata tawi lenye majani mengi, akaliegemeza mbele ya kila mdomo. Alifanya hivyo kila alipohamisha mzinga. Nyuki akikuta njia nyeupe hutoka kwa mazoea na kurudi alikozoea. Akikuta majani yamemzuia, husita, hugeuka, huutazama mzinga wake na mahali ulipo, kisha huzunguka zunguka mpaka apajue.

Nyuki wa kwanza akatoka, akagonga majani. Akageuka akautazama mzinga. Mama Nyuki akabaki amesimama na panga mkononi.

"Kumbe sisi tumemfagilia njia," akasema peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Ni yeye mwenyewe aliyeamuru mlangoni pasiwekwe hata ndoo, mzee asije akajikwaa. Meza ya saa ilikuwa stoo, chini ya magodoro.

"Baba watoto! Njoo tubebe meza ya Baba."

"Tunaipeleka wapi?"

"Mlangoni. Kwa nje, katikati kabisa."

Mume alimtazama kama mtu aliyeumwa na nyuki wake kichwani. Lakini ndoa ilikuwa imemfundisha kubeba kwanza na kuuliza baadaye.

Asubuhi Fundi Saa alivaa kofia, akatoka, tumbo likagonga meza.

"Nani huyu mpumbavu kaweka meza njiani?"

Mama Nyuki alikuwa akichungulia nyuma ya pazia. Mzee akajipenyeza pembeni, akageuka ili amfokee yeyote atakayetokea, na hapo ndipo alipoiona nyumba aliyotoka. Mlango wa buluu. Soksi za mjukuu zimeanikwa dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu. Akautazama mtaa, na duka la kinyozi lililokuwa ng'ambo ya kichochoro. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akafungua droo na kuanza kuzipanga bisibisi zake.

Mama Nyuki aliachia pazia. Akaenda kuosha vyombo, kichwa kimemvimba kwa werevu wake. Aliporudi dirishani kigoda kilikuwa kitupu.

Alitoka mbio, kandambili moja mguuni na nyingine hajui ilikoangukia. Akavuka barabara kuu roho mkononi, akafika nyumba ya zamani.

"Leo hajaja," muuguzi akasema.

Wiki nzima alikuwa ameomba asikie maneno hayo, na sasa ndiyo yaliyomtisha. Alirudi akichungulia mitaroni na kila palipokusanyika watu. Alipokata kona ya mtaa wao, alimwona Fundi Saa anatoka kwa kinyozi, amekumbatia saa kubwa ya ukutani. Mzee hakusita wala kubabaika. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa buluu, akailaza saa mezani.

"Baba! Ulikuwa wapi?"

"Hapo kwa kinyozi. Saa yake inadanganya watu." Akamtazama binti yake kuanzia nywele hadi ule mguu mtupu. "Wewe je? Umetoka wapi na hali hiyo?"

"Nilikwenda... kule kwenye nyumba ya zamani."

Fundi Saa akatikisa kichwa kwa huruma, akamsogezea kigoda chake.

"Mwanangu," akasema, "tulishahama. Kaa upumzike, hapa ndipo nyumbani."