Yai Zito la Msafiri

Yai tupu, lililotobolewa likabaki ganda, lina sauti yake. Ukilibeba ndani ya boksi, hata kama umelishika kwa mikono miwili na unatembea kama mtu anayevuka mto, litacheza kidogo juu ya pamba, na utasikia kitu chepesi sana, kama kucha ikigusa karatasi. Nimefanya usafi kwenye chumba cha mayai miaka minne. Nimeyatoa maboksi yale kwenye droo na kuyarudisha mara nyingi hata sikumbuki, na sauti ile naijua kama ninavyozijua hatua za bibi yangu akitoka jikoni.

Kwa hiyo siku waliyokuja mafundi rangi, tukaambiwa tuhamishe kila kitu, mimi nikabeba lile boksi la kioo ambalo kwa kawaida halisogezwi. Nilipopita mlangoni, yai likabingirika ndani yake likasema ko.

Nilisimama palepale kwenye korido. Nikageuka kumwangalia Mzee. Alikuwa ameinama kwenye droo zake, hakusikia.

Mzee ndiye aliyekuwa mtunza mayai wa makumbusho yetu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja. Akiwa hayupo tulimwita Baba Mayai, na dada wa tiketi, aliyekaa pale mlangoni, alikuwa akisema siku Mzee akistaafu ataenda kuatamia nyumbani. Mzee alijua, na yeye hakuwa nyuma kwa utani. Kila asubuhi akipita alimuuliza dada kama ameamka au ameletwa.

Mayai yote ya chumba kile yalikusanywa na mtu mmoja, msafiri wa zamani sana, enzi ambazo hata bibi wa bibi yangu alikuwa hajazaliwa. Alitembea kwa miguu na wapagazi wake, akaandika kila alichokiona kwenye kitabu kinene kama tofali. Mzee alikuwa anakitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mmoja, kwa mashine ya kuchapa ambayo herufi yake ya “a” ilikuwa imeziba. Macho yake yalianza kuchoka, basi mchana akila mimi nilimsomea zile karatasi ili asikie makosa. Akisikia kosa aliinua kijiko. Mimi nimeishia darasa la saba na nasoma polepole. Yeye alisema hicho ndicho alichokitaka, kwa sababu anayesoma haraka anaruka.

Nilimpenda yule msafiri. Aliwahi kumfuata kobe tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akihesabu hatua zake. Alionja magome ya miti akaandika lipi chungu na lipi lilimfanya ulimi ufe ganzi. Aliandika pia kwamba mbayuwayu wakipotea huwa wamelala matopeni chini ya ziwa, na kwamba kinyonga hula upepo tu. Hapo niliacha kusoma nikamuuliza Mzee kama bwana huyu hakuwahi kumwona kinyonga akidaka inzi. Mzee akasema alimwangalia asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo huenda kinyonga hakuwa na njaa. Tulicheka mpaka wali ukampalia.

Lakini kwenye ukurasa wa yai lile la boksi la kioo, Mzee hakuwa anacheka. Karibu nilikuwa nimeushika kwa moyo. Msafiri aliugua homa, akalazwa kwenye nyumba ya mama mmoja mzee. Alipopata nafuu aliliona uani, kwenye kikapu cha majani makavu: yai jeupe lenye madoa ya kijivu, baridi kama maji ya kisima, zito kuliko yai lolote alilopata kulishika. Mama alikuwa ameenda kuchota maji. Msafiri akalichukua, akaacha mahali pake kifungo cha shaba cha koti lake ili usiwe wizi. “Nilijaribu kulitoboa,” aliandika, “sindano ikapinda, nikalihurumia.” Alfajiri yake, akiwa anafunga mizigo, alimwona yule mama anazunguka ua wake akitafuta kitu. Kisha akaondoka, na kurasa tatu zinazofuata ni za kubuni huyo atakuwa ndege gani, ana mbawa za namna gani, analala wapi.

Mtunza mayai aliyemtangulia Mzee alimwonya kwamba boksi lile limefungwa kwa gundi tangu zamani, na likifunguliwa hewa italimaliza yai. Basi hakuna aliyelifungua. Wataalamu walikuja, wakachungulia kwenye kioo, wakanakili kilichoandikwa kwenye kibandiko: Yai la ndege asiyejulikana. Mzee alikuwa ameandika makala juu ya ndege huyo. Ilimchukua miaka tisa. Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kumuaga, wageni wangekuja kutoka vyuo vikuu, na yeye angesimama kuisoma. Suti alikwisha ipeleka kwa dobi.

Na mimi nilikuwa nimesikia ko.

Nyumbani tunafuga kuku, mimi na bibi. Tangu mtoto kazi ya kuokota mayai ni yangu, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba lile jiwe jeupe la kwenye kiota halichukuliwi. Kuku akiona kiota kitupu anahama, anaenda kutagia vichakani. Akikuta kitu cheupe cha mviringo anadhani ni lake, anarudi kesho na keshokutwa.

Siku ile niliporudi sikuvua hata viatu. Nikalitoa jiwe la bibi kiotani, nikalilaza kwenye boksi la viatu juu ya pamba, nikafumba macho nikatembea kutoka mlangoni mpaka kitandani. Ko.

Bibi alikuwa amesimama pale na ufagio. Aliniuliza kama kazini kwetu siku hizi wanatufundisha uchizi. Nikakaa chini nikamweleza yote, tangu msafiri mpaka suti ya kwa dobi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kama huyo bwana hakumuuliza mwenye nyumba kile ni kitu gani. Nikamwambia hakuandika kwamba aliuliza.

“Basi alikuwa na macho tu,” bibi akasema. “Mdomo aliuacha kwao.”

Nikamwambia shida yangu siyo msafiri, yeye alishakufa. Shida ni Mzee. Ijumaa pale mbele za watu atatokea mmoja tu mwenye mkono mwepesi, ataomba boksi lifunguliwe, atalibonyeza yai kwa kucha, na Mzee ataagwa kwa kicheko. Na nikimwambia mimi mfagizi, nitakuwa nimemnyang'anya miaka yake tisa. Ningeanzia wapi?

Bibi akaufuta ufagio wake kwa kiganja, kama anavyofanya akifikiri.

“Usimwambie,” akasema. “Mpe ashike.”

Kesho yake mchana Mzee alipofungua chakula, niliomba nimsomee tena ukurasa wa yai. Alifurahi, akadhani namfanyisha mazoezi. Nikasoma polepole kuliko siku zote, na kijiko hakikuinuka hata mara moja. Nilipomaliza nilipiga moyo konde, nikamwomba alibebe boksi la kioo yeye mwenyewe, atembee nalo mpaka dirishani na kurudi. Aliniangalia kwa juu ya miwani. Lakini alikuwa mtu wa kuniamini, akasimama, akalibeba.

Ko, likasema njiani. Na alipogeuka, ko.

Nikampa boksi la viatu nililokuja nalo kutoka nyumbani. Akatembea nalo vilevile mpaka dirishani, likasema vilevile. Kisha akafunua kifuniko akaliona jiwe la bibi, na unyoya ulionata, na alama ya kinyesi cha kuku ambayo kwa haraka zangu sikuiosha.

Alirudi kukaa. Akachukua wembe wake wa kukatia vibandiko, akaipitisha ncha yake kwenye gundi ya lile boksi la kioo, taratibu, pande zote nne. Akalitoa yai. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alilishika mkononi. Akaligeuza. Kwa chini palikuwa na mahali pamesuguliwa, pale mtu alipolisugua kwenye jiwe lingine akitafuta mviringo.

“Ni baridi kweli,” alisema.

Akalirudisha kwenye pamba, akavaa kofia yake, akatoka. Chakula alikiacha vilevile na kijiko ndani.

Siku mbili hakuja. Dada wa tiketi alinijia na ufunguo wa chumba cha mayai mkononi, akataka kujua nimemfanya nini Baba Mayai, maana amepita pale mlangoni kama maji, hata kumtania hakumtania. Nilimwambia sijui. Nilienda stoo nikajifungia na ndoo zangu, nikajilaumu mpaka nikachoka. Nilikuwa nimemsikiliza bibi, lakini bibi hakuwa akimsomea Mzee mchana, hakujua alivyokuwa akiinamisha kichwa tukifika kwenye ule ukurasa.

Siku ya tatu nikamkuta ameshafika. Amekaa kwenye kiti chake, hajanyoa vizuri, mbele yake ana daftari jipya. Sikujua nisalimie vipi. Nikamwamkia shikamoo ya chini chini, akaitikia, kisha akaniuliza bibi yangu jiwe lake analiweka upande gani wa kiota.

Nikamwambia katikati, ila amelizamisha kidogo ili kuku asilisukume.

Akaandika. Akauliza kama analipaka kitu. Nikasema analisugua kwa majani ya kiota kilekile ili lichukue harufu. Akaandika. Akauliza je, kuku akiligundua? Nikasema sijawahi kuona kuku aliyeligundua, na bibi ana miaka sabini na kitu. Hapo mdomo wake ukacheza kidogo. Kisha akaiweka kalamu chini.

“Binti,” akasema, “miaka yote hiyo nimesoma kwamba yule mama alizunguka ua akitafuta kitu. Nimeusoma mstari huo, nimeutafsiri, nimeupiga chapa. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anatafuta nini. Nilikuwa nina haraka ya kumfikia ndege.”

Nikamwambia tu kwamba na mimi nilikuwa nikimsomea.

“Wewe ulisikia,” akasema, akaiokota kalamu.

Ijumaa ile ukumbi ulijaa. Mzee alivaa suti yake, na mstari wa mbele kabisa, katikati ya maprofesa wawili, alimkalisha bibi yangu, aliyekuja na kitenge chake kipya na kukataa kuvua ushungi kwa sababu ya feni. Makala ya miaka tisa haikusomwa. Mzee alisimulia habari yote bila karatasi, jinsi msafiri alivyodanganyika, na jinsi yeye alivyodanganyika kwa muda mrefu zaidi ya msafiri, akiwa na kiti na kivuli. Watu walicheka, lakini yeye ndiye aliyeanza, na kicheko ambacho mwenyewe amekianza hakimuumizi mtu. Dada wa tiketi, aliyesimama nyuma, alicheka na kulia kwa pamoja.

Kisha Mzee akalitoa yai kwenye boksi, akalipitisha mkono kwa mkono. Lilipomfikia bibi alilipima kwenye kiganja, akaligeuza chini juu.

“Hili zuri,” akasema. “Langu mimi lina kona.”

Akalishika kidogo zaidi. Maprofesa walikuwa wakisubiri zamu yao. Bibi akainua uso kumwangalia Mzee.

“Na yule mama,” akauliza, “kuku wake aliendelea kutaga?”

Mzee akavua miwani.

“Kitabu hakisemi, mama. Asubuhi hiyo waliondoka.”

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mtoto wa jirani bado ana homa, akampa profesa yai.

Kibandiko kipya nilikiandika mimi, kwa sababu macho ya Mzee yalikuwa yamechoka siku hiyo na hakutaka mashine yenye “a” iliyoziba. Alinitajia maneno, nikayaandika kwa herufi zangu za shule ya msingi: Jiwe la kiota cha kuku. Lilichukuliwa uani kwa mama mmoja ambaye hakuulizwa. Profesa mmoja alishauri mwisho ule uondolewe, haukuwa wa kitaalamu. Mzee akamwambia kwa adabu zote kwamba yeye kesho ni mstaafu, na kibandiko kimekwisha bandikwa.

Bibi alimpa Mzee zawadi ya kuku wawili, tetea wote, na jiwe lake lenye kona. Alisema yeye atatafuta jingine, mawe hayajaisha.

Wiki tatu zikapita. Jumanne moja asubuhi nilikuwa napiga deki chumba cha mayai, rangi bado inanuka, simu ya mezani ikalia. Alikuwa Mzee. Hakusalimia. Alisema nichukue karatasi niandike.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika alivyonitajia: limepatikana uani, nyuma ya pipa, saa mbili na nusu asubuhi, kando ya jiwe. Rangi kama chai iliyozidiwa maziwa. Ganda laini, lina doa moja dogo upande mnene. Zito kiasi.

Nilisikia kuku akilalamika karibu yake.

“Lina joto, binti,” akasema. “Bado ninalo mkononi.”

Nikaandika na hilo.