Zamu Yangu ya Kuwa Mgeni

"Usikalie hapo!"

"Nikae wapi sasa, darini?"

"Kiti kile pale. Kitanda nimekitandika kwa ajili ya mgeni."

"Na mimi ni nani?"

Mama Pacha, mtandika vitanda wa hapa kambini, alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Ukuta wangu ndio ukuta wake, na tangu beberu lake litafune shuka langu kambani hatujasalimiana vizuri.

"Wewe ni jirani yangu," akasema. "Mgeni ni mtu aliyetoka mbali."

"Mbali nimetoka, na mguu wangu mbovu huu!"

"Hata mimi nimetoka hukohuko, na hakuna aliyenitandikia."

Akanyoosha shuka ambalo halikuwa na hata kunyanzi moja, akatoka huku anasonya.

Kambi hii ya watalii ni mali ya kijiji chetu kizima. Ni mahema ya turubai juu ya majukwaa ya mbao, taa za umeme wa jua, na bafu ambalo upande wa mtoni halina ukuta, ili uoge huku mnatazamana na viboko. Watu hupanda ndege mbili na gari juu yake ili waje kuoga hivyo. Sisi wenye mali tuna zamu: wageni wakipungua, kila kaya hupewa usiku mmoja wa kulala na kula kama wao. Zamu yetu ilipofika mume wangu aligoma. Hawezi, alisema, kuacha nyumba ya matofali akalale ndani ya nguo. Nikamwachia matofali yake nikaja peke yangu.

Jina langu mtaani ni Bi Shughuli. Haiinjikwi sufuria kubwa, iwe ya harusi au ya msiba, bila mimi kuitwa. Na silalamiki, napenda watu. Kwangu kiti hakipoi. Lakini siku ile nilitaka kitu kimoja tu: chakula nisichokipika, niletewe kikiwa moto, nikile nimekaa, bila mtu kuniita. Tangu niolewe sijawahi.

Nilikuwa nimesahau ubaya wa mali ya wote: kila mfanyakazi ni bosi. Kuna mgeni aliwahi kuomba aonane na mwenye kambi amshukuru. Maskini alipeana mikono na kijiji kizima, mpaka mke wa mlinzi aliyekuwa amepita kuleta sweta.

Sijamaliza hata kuvua kandambili, akaja mtoto wa kaka yangu. Ni mhudumu wa mezani. Shati jeupe, kitambaa kimelala mkononi.

"Karibu sana, mheshimiwa," akainama. Kisha akashusha sauti. "Shangazi, mpishi anasema unga wa mkate haujaumuka."

"Mwambie mheshimiwa amekataa."

"Shangazi, wageni wanataka mkate."

"Na mimi nataka supu!"

"Lakini wewe si mwenzetu? Utaelewa."

Utaelewa! Neno hilo ndilo lililonila ujana wangu. Nikasema siendi. Nikasema hata waje na machela, siendi.

Nilikwenda. Mnanijua.

Kumbe hamira wameimiminia maji yanayochemka, wameiua kabla haijaamka. Nikakunja mikono ya gauni langu la kutokea, nikakanda upya. Kabla sijanawa, mpishi akanisogezea beseni la viazi, eti "maadamu upo". Nikamwachia beseni lake na kisu chake juu.

Nje giza limeingia, na mgeni haruhusiwi kutembea gizani bila mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni shemeji yangu. Akanimulikia tochi hadi hemani vizuri kabisa, halafu badala ya kuondoka akaketi kwenye ngazi.

"Shemeji, mke wangu amerudi kwao."

"Pole."

"Wewe anakusikiliza. Ungekwenda ukazungumza naye."

"Shemeji, mimi niko likizo."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Siku nyingine hupatikani."

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nikamfukuza tu. Na kweli, mara hii chakula kikaja. Mtoto wa kaka yangu akapanga meza ndani ya hema: supu inayofuka mvuke, kuku wa kuokwa, viazi, mkate niliokanda mwenyewe, sahani mbili kwa sababu orodha ilisema mke na mume. Akaondoka. Kimya. Hakuna anayeniita. Nikashika kijiko.

"Tembo wamesimama njiani!" Ni shemeji tena, huko nje. "Hakuna kurudi kijijini wala kwenda jikoni mpaka waondoke. Mama Pacha, subiri hapo barazani."

Hapo barazani ni kwangu. Mama Pacha akapanda ngazi, sare ameshavua, kapu lake mkononi, akasimama amenipa mgongo.

"Kaa basi," nikasema.

"Viti vya wageni sisi hatukalii."

"Haya, simama."

Akasimama. Nikanywa kijiko cha kwanza. Supu tamu, moto, kama nilivyoiota. Lakini jaribu wewe kula huku mgongo wa jirani unakutazama. Nikanywa cha pili. Hapo likasikika ngurumo, ndefu, ya chini kwa chini.

"Hilo ni tumbo lako?"

"Kiboko."

"Kiboko yuko mtoni. Huyu yuko mlangoni kwangu."

Tumbo likanguruma tena.

"Kiboko huyo amekula saa ngapi?"

"Asubuhi," akasema, bado amenipa mgongo. "Chakula chetu kiko jikoni, ng'ambo ya tembo. Mchana sikupata nafasi. Nilikuwa nafua mapazia ya hema lako. Nilijua utayakagua, ukayatangaze mtaa mzima."

Nikayatazama mapazia. Meupe pee, hata mimi sikuona pa kusema. Nikaweka kijiko chini kwa kishindo. Usiku mmoja! Usiku mmoja tu nimeomba nisimpakulie mtu, na huyu hapa, kati ya watu wote, huyu mwenye beberu. Nikavuta sahani ya mume wangu, nikaijaza mpaka ukingoni, nikasukuma kiti kwa mguu.

"Mama Pacha, ingia ndani ule, bwana! Supu yangu inapoa."