Darasa la Uvunguni

Fazila aliila herufi ya alifu ya unga mbichi kabla mama yake hajamaliza kusukuma chapati ya dengu.

Nazmoon hakumgombeza. Alimega unga mwingine, akaufinyanga mwembamba kama kijiti, akaulaza mezani mbele ya binti yake.

"Alifu," akasema.

Fazila alikuwa na miaka kumi na hajawahi kutamka neno. Alichukua unga wake, akaupinda kama bakuli, akabandika punje moja ya dengu chini yake. Ba. Kisha akageukia mfereji, akaendelea kuguna wimbo wake usio na maneno.

Walikuwa uvunguni mwa nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, miguu yao ndani ya maji. Maji ya mvua yalikuwa yamefurika kijiji chote cha Nieuw Rust, na ghorofani hakukuwa na afadhali, maana paa lilivuja juu ya kitanda. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa juu ya pipa. Chapati hizo alizouza ndizo zilizowalisha tangu Haniff, baba wa mtoto, aende msituni kuchimba dhahabu. Mwanzoni alipiga simu mara chache, siku hizi hapigi kabisa.

Watu wawili wakasimama kwenye kidaraja cha kuingilia uani: afisa wa mahudhurio ya shule, mwanamke aliyevaa mabuti ya mvua, na polisi.

"We mama, mbona mtoto hayuko shule saa hizi?"

"Anasoma, Miss. Hapa hapa."

"Hapa wapi? Kwenye matope?"

"Shule walimkataa."

"Shule haikatai mtoto. Sheria hairuhusu."

Polisi akacheka. "Hawa nawajua. Mama anauza, mtoto ndiye kibarua."

Afisa akainama. "Unaitwa nani, mrembo?" Fazila akajifunika uso kwa viganja vilivyojaa unga. "Ni kiziwi?"

"Hapana. Ana usonji."

"Nani kakwambia?"

"Daktari, mjini."

"Na wewe ni mwalimu?"

"Mimi mama yake."

"Sikukuuliza hilo," afisa akasema, akamkabidhi wito wa mahakama.

Shule ilikuwa imemkataa kweli. Wiki ya kwanza tu kengele ilipolia Fazila aliingia chini ya meza, na mwalimu alipomvuta, akamng'ata. "Mlete akishajifunza kukaa," mwalimu mkuu, Bi Prescod, alisema. Shule ya watoto kama yeye ilikuwa ng'ambo ya mto Demerara. Huko waliambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka sare ikambana mtoto. Madrasa ya msikiti ikamtoa kwa sababu aliangua kicheko watu wakiwa kwenye sijda. Ndipo Nazmoon alipoanza mwenyewe, bila kujua aanzie wapi. Kumfundisha kutawadha kulichukua msimu mzima wa mvua, kwa sababu Fazila hakutaka maji yaguse masikio yake.

Siku iliyotangulia kesi, alikwenda kwa shemeji yake Rafeek, mjumbe wa kamati ya msikiti. Alimkuta anafuta kioo cha gari.

"Shemeji, njoo useme mbele ya hakimu kwamba tuliomba kila mahali."

"Nikaseme ukoo wetu una kichaa?"

"Si kichaa."

"Ungemfungia ghorofani kama wanavyofanya wenzio, nani angejua? Wewe unamwanika uvunguni, kila apitaye aone. Sasa jina la ndugu yangu linakwenda kusomwa mahakamani."

"Ninyi ndio mliomtoa madrasa."

"Tulimtoa kwa heshima," Rafeek akasema. Akakikung'uta kitambaa. "Subiri, shemeji. Mungu yu pamoja na wanaosubiri."

Kesho yake mahakamani, hakimu hakuinua uso.

"Una cheti cha ualimu?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Uliishia darasa la ngapi?"

"La nne. Nilitolewa nikapande mpunga."

Mtu akacheka kwenye mabenchi ya nyuma.

"Sasa unamfundisha nini?"

Nazmoon akatazama mikono yake. "Anajua kujisafisha, Mheshimiwa. Anajua herufi. Zamani tumbo likimuuma alikuwa analia tu mpaka kucha. Sasa anauchukua mkono wangu, anauweka pale panapouma."

"Hayo si masomo." Hakimu akafunua karatasi. "Kuanzia Jumatatu mtoto awe shuleni kila siku. Asipokuwepo, wewe utaingia jela na yeye atapelekwa kwenye makao ya watoto. Umeelewa?"

"Mheshimiwa, shule hawatampokea."

"Hilo haliko mbele yangu. Umeelewa?"

"Sema ndiyo," karani akamnong'oneza.

"Ndiyo."

Jumatatu Fazila alivaa sare aliyoshonewa na mama yake, iliyogeuzwa ndani nje ili mishono isimkwaruze. Mlinzi wa shule, Compton, alikuwa mteja wa chapati, lakini hakufungua lango.

"Dada Naz, nimepewa amri. Huyu haingii."

"Na mimi nina amri. Ya hakimu."

Akaitwa Bi Prescod. Alisimama upande wake wa lango, chaki vidoleni.

"Hakimu kanipa chumba? Kanipa mwalimu? Humu wanakaa wanne dawati moja, bibie. Akimng'ata mtoto wa mtu, mahakamani nitakwenda mimi."

"Nimpeleke wapi basi?"

Bi Prescod akageuka, akarudi darasani.

Kurudi nyumbani kulimaanisha jela. Nazmoon akaketi juu ya lami, akampakata binti yake, akamfunika kichwa kwa ncha ya ushungi wake. Jua likapanda. Adhuhuri ikafika, gari la yule afisa wa mahudhurio likasimama, kioo kikateremka.

"Amekuja yule?"

"Yupo langoni, Madam," Compton akajibu.

"Lango ni la shule?"

"La shule."

"Vizuri." Afisa akaandika daftarini kwamba mtoto amehudhuria. "Na kesho hivyo hivyo, mama. Usichelewe."

Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Kengele ya mchana ikalia. Fazila akapiga yowe, akachomoka mapajani, akaanza kugonga kichwa chake kwenye vyuma vya lango. Compton akageuka akatazama barabara. Nazmoon akapenyeza kiganja kati ya paji la mwanawe na chuma, na pigo lililofuata likatua vidoleni mwake. Hakukiondoa. Ndani, watoto walikuwa wakiitwa majina, mmoja mmoja, wakiitikia: "Nipo!"