Mdomo wa Mama Mkwe

Saluni nzima ilimwita Chanuo, na jina hilo ndilo alilopanda nalo jukwaani. Siku za kazi alisuka nywele. Jumamosi jioni alichekesha watu katika ukumbi mmoja juu ya duka la matairi, mahali penye viti vya plastiki, kaunta ya vinywaji, na jukwaa la makreti yaliyopigiwa mbao na kufunikwa zulia kuukuu. Vichekesho vyake vyote vilitoka saluni: mteja aliyesinzia chini ya mashine ya kukaushia nywele akamtaja mume wa mtu kwa sauti, mteja aliyekuja kusuka akaondoka na kichwa kile kile kwa sababu umbea ulikuwa umekwisha. Ya nyumbani hakuyagusa.

Nyumbani kulikuwa na mama yake. Alikuwa karani wa posta zamani zake, mtu wa kupiga pasi hata shuka la kulalia, kabla kiharusi hakijampoozesha upande mmoja. Sasa mdomo wake ulikuwa umekwenda kombo na maneno yalitoka yakiburuta. Hakutaka wageni. Hata jirani aliyekuja kukaa naye Jumamosi alikubaliwa baada ya kubembelezwa sana.

Mume wa Chanuo alikuwa fundi wa mafriji, na mtaani hakuna aliyemwita jina lingine ila Fundi. Ndiye aliyembeba mama mkwe wake asubuhi na jioni, kitandani hadi kwenye kiti, kitini hadi bafuni. Ukumbini hakuwahi kukanyaga. Alisema kucheka anaweza kucheka kwake bila kupanda ngazi.

Siku aliyokanyaga, aliitwa kikazi. Friza ya kaunta ilikuwa imekufa katikati ya wiki na hakuna aliyegundua, kwa maana taa yake iliendelea kuwaka. Fundi alipoinua mfuniko, watu waliokuwa karibu walirudi nyuma kama waliosukumwa. Nyama ilikuwa imegeuka kijani pembeni, imeelea kwenye maji mazito ya kijivu, na juu ya maji hayo kulikuwa na utando uliokuwa ukitikisika. Waliichota kwa ndoo, wakamwaga chini dawa ya kusafishia choo, na harufu hizo mbili zikashikana zikawa kitu cha tatu, kitamu kidogo, kinachokaa kooni. Mwenye ukumbi alifungua madirisha akasema shoo iendelee, watu wameshakaa.

Chanuo alipanda. Kichekesho cha kwanza hakikushika, cha pili kikaanguka. Watu walikuwa wameziba pua kwa leso. Basi akaacha mambo ya saluni.

"Jamani, mnaziba pua kwa sababu ya friza, au kwa sababu ya fundi aliyeifungua? Maana yule pale kwenye kaunta ni mume wangu. Mimi nimeshazoea."

Hapo wakacheka. Vichwa viligeuka kumtafuta. Fundi alikuwa amesimama na tambara mkononi, ovaroli imelowa hadi magotini. Akatabasamu, akaweka tambara chini.

"Harufu?" alisema kwa sauti. "Hii ndiyo mnaiita harufu? Nyie bado hamjafika kwangu!"

Ukumbi ulilipuka. Chanuo naye alicheka, tena kwa furaha. Miaka yote ya ndoa yao mumewe hakuwahi kumtania mbele ya watu. "Haya, njoo uwaambie basi," alisema, akainama na kumpa maiki kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi akapanda. "Mnamjua mama mkwe wangu?"

"Hatumjui!"

"Nitawaonyesha."

Akauachia mdomo wake ukaanguka upande mmoja. Akausukuma ulimi shavuni, akalifumba jicho moja nusu, akaacha mate yamtoke polepole hadi kidevuni. "Mkwe-e," akaita kwa sauti ya kuburuta, "njoo u-ni-nyanyu-e."

Ilikuwa sauti yenyewe. Chanuo alihisi ngozi ya mgongo wake ikisisimka, kana kwamba mama yake ameingia ukumbini akiwa uchi.

"Sasa mimi mkwe mwema naenda. Napitisha mkono hapa, na mwingine hapa. Namwinua. Uso wangu uko hapa kifuani pake, sina pa kukimbilia. Na yeye, katikati ya safari, anaachia!" Akapiga mlio kwa midomo, mrefu, wa majimaji. "Nimwache? Ataanguka. Nimshike? Inashuka. Vuguvugu, jamani! Mpaka kwenye soksi! Na yeye ananiambia, 'Samahani, mwana-ngu-u.'"

Watu walianguka kwenye migongo ya viti. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, la wiki ile ile. Mama alilia mpaka akalala, na kabla ya kulala aliwaomba wasimwambie mtu, hata kaka zake Chanuo wasijue.

"Acha," alisema Chanuo.

Wakacheka.

"Nirudishie maiki." Fundi aliiinua juu ya kichwa chake, na Chanuo alipoirukia, wakacheka zaidi. Akawageukia. Bila maiki ilimbidi apaze sauti. "Sitanii! Anamsema mama yangu mzazi. Ni mgonjwa. Ni mtu mzima, mgonjwa, yuko nyumbani!"

Mwanamume mmoja wa mbele alipiga meza kwa kiganja. "Huyu dada ni moto! Mwoneni alivyokaza uso!"

Alipoanza kulia walimpigia makofi. Kila alilolifanya pale juu lilikuwa kichekesho, na hakuna neno lililobaki ambalo lingekuwa neno tu. Alisimama akiwatazama. Aliona midomo: iliyo wazi, yenye mabaki ya karanga, yenye ndimi zilizochafuka rangi ya soda. Mama mmoja alijibana magoti asijikojolee. Pembeni yake mumewe alikuwa bado ameuachia mdomo, mate yakimeta kwenye taa, akisubiri kicheko kipungue ili aendelee. Ile harufu tamu ilimpanda Chanuo kooni. Aliziba mdomo kwa mkono akakimbia kushuka, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Alitapika kwenye ngazi, akiwa ameshika ukuta, huku makofi yakiendelea juu yake.

Mwenye ukumbi ndiye aliyemfuata. Aliruka matapishi bila kuyatazama.

"Dada, mlikuwa mmenificha nini siku zote? Hii ndiyo shoo! Wiki ijayo nawaweka wawili kwenye bango."

"Haikuwa shoo."

"Ndiyo hivyo hivyo, usibadilishe kitu."

Juu, wasichana wawili walikuwa wakipiga picha na Fundi. "Fanya ule mdomo, kaka, tafadhali," mmoja alimwomba, na Fundi akaufanya.

Njiani Fundi hakuona kitu. Alikuwa akitembea mbele, akicheka peke yake. Walipofika alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaingia chumbani kwa mama.

"Shikamoo mama. Tumechelewa leo."

"Ma-rahaba, mwanangu. Mbona umechangamka?"

"Kazi imekwenda vizuri tu."

Chanuo alimwona akipitisha mkono hapa, na mwingine hapa, taratibu, bila kumbana mama mbavu, kama alivyofanya kila siku. Ni kazi ambayo hata watoto wa kiume wa mama huyo hawakuwahi kuifanya. Aliiona mikono ile, akaishika.

"Mwache. Nitambeba mimi."

Baadaye, jikoni, Fundi alimuuliza kwa sauti ya chini, "Nimekukosea nini?"

"Unaniuliza?"

"Wewe ndiye uliyenipa maiki. Wewe ndiye uliyeanza na harufu yangu."

"Harufu yako ni yako. Ya mama ni siri. Alituomba, Fundi. Alituomba huku analia."

"Nani pale anamjua mama? Hakuna." Alivuta kiti akakaa. "Mimi ndiye ninayembeba. Mimi ndiye niliyefua ile soksi. Nisicheke? Kicheko ndicho kinachonifanya niweze kurudi tena mle ndani kesho. Na wewe je? Kila Jumamosi unawavua nguo wateja wako. Yule mwenye kipara cha utosini, anayekuja mlango ukishafungwa ili asionekane, hujamsema? Yeye si mama wa mtu?"

Chanuo alikuwa amemsema. Tena lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochekesha sana, na mwanamke yule bado alimletea kichwa chake akiamini kiko salama. Alijiona mchafu. Lakini kujiona hivyo hakukumfanya mumewe aonekane msafi.

"Usilirudie," alisema tu.

Bango lilitoka: Chanuo na Fundi Wake. Alimwambia mumewe kwamba hatakwenda, naye Fundi akasema sawa. Jumamosi jioni akachukua mfuko wa vifaa, akasema kuna friji ya mtu inavuja. Alikuwa amevaa viatu vya kuendea harusini.

Chanuo alimwita jirani, akatoka.

Aliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akasimama gizani karibu na kaunta. Kulikuwa kumejaa. Harufu ilikuwa imeisha, au imepungua kiasi cha kusahaulika. Fundi alikuwa jukwaani peke yake, mdomo umeachiwa, mate yanashuka.

"Mkwe-e," alikuwa akiita.

Hakuna aliyecheka. Mtu alikohoa. Fundi aliendelea na mkono hapa, na mwingine hapa, akapiga ule mlio, akasubiri. Kicheko kimoja kifupi kilitoka pembeni kikafa. Akaurudia mlio, mrefu zaidi. Akauvuta mdomo kwa kidole uzidi kwenda kombo. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Si anaigiza mgonjwa huyu?" mtu aliuliza. "Mgonjwa anachekesha nini?"

"Toa uchafu wako hapa, bwana!"

Chanuo alielewa basi walichokuwa wakikicheka juma lililopita. Mama yake hakuwa amewachekesha. Waliyemcheka ni yeye, alivyoruka, alivyoomba, alivyolia. Bila yeye kilichobaki jukwaani kilikuwa mwanamume mzima anayejitoa udenda.

Fundi alimwona. Macho yake yalimng'ang'ania kule gizani. "Huyo hapo mke wangu!" alisema haraka. "Mke wangu, sema kitu. Niambie niache."

Ukumbi uligeuka. Nyuso zile zile zilimtazama, midomo imeanza kufunguka, tayari. Alihisi kwamba neno lolote, hata tusi, lingewapa walichokijia. Akafunga kinywa chake. Alisimama hivyo mpaka watu wakachoka kumtazama, mpaka mwenye ukumbi akapanda akamwondolea Fundi maiki mkononi, na Fundi akashuka huku akijifuta kidevu kwa mkono wa shati.

Chanuo hakurudi tena jukwaani. Fundi naye hakuomba kurudi. Walilala kitanda kimoja kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mama alibebwa na binti yake siku zote hizo. Aliambiwa kwamba Fundi ameumia mkono. Alivumilia makwapa yake yakivutwa, alivumilia kugongwa kwenye fremu ya mlango, mpaka asubuhi moja karibu waanguke wote wawili bafuni.

"Mwi-te," alisema akihema.

"Mama, mkono wake..."

"Mwite huyo mtoto. We-we unaniumiza."

Chanuo alikwenda mlangoni. Ilimchukua muda kulitoa jina. "Fundi."

Alikuja mbio, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Akapitisha mikono yake, akamwinua mama bila sauti, akamweka kwenye kiti, akamtengenezea mto mgongoni. Hakumtazama mkewe. Mama alimpiga kofi dogo la shavuni kwa mkono wake mzima, akamwambia neno ambalo Chanuo hakulisikia, na wote wawili wakacheka, Fundi kwa haya, mama kwa upande ule mmoja wa uso uliobaki ukimtii.

Mate yalimtoka mama kidevuni. Chanuo alichukua kitambaa akapiga magoti mbele yake, na hapo ndipo alipogundua kwamba hawezi kuutazama mdomo ule. Uso ulikuwa wa mama yake, lakini yeye alimwona Fundi chini ya taa, akisubiri kicheko kipungue. Kinyaa kilimpanda, kwa mama yake mzazi, kabla hajaweza kukizuia.

"Una nini?" mama alimuuliza.

"Sina kitu, mama."

Akamfuta. Akajilazimisha kutazama, akamfuta tena, na pale palipokuwa pameshakauka akaendelea kufuta.