Mapacha Waliogombea Udogo

Kwa miaka yote sabini na moja ya maisha yao, Merle na dada yake pacha Avis waligombea ukubwa. Walizaliwa shambani, magharibi mwa mji wa Dubbo, mto ukiwa umefurika na mkunga amekwama ng'ambo. Nani alitangulia, mama yao alikufa bila kusema.

Asubuhi ile, katika ofisi ya wakili Pascoe, mambo yaligeuka. Katika wosia wake, kila mmoja alikuwa amemrithisha mwenzake nusu yake ya shamba. Mwenzake asipokuwepo, Merle alitaka liende kwa mpwa wao Kerrin, ambaye amekuwa akiwakata kondoo wao manyoya tangu usichana wake; Avis alitaka liende kwa klabu ya mbio za farasi.

"Na mkifa pamoja, tuseme kwa ajali," wakili alisema, "na isijulikane nani alitangulia kufa, sheria huchukulia kwamba mdogo ndiye aliyekufa mwisho. Wosia wake ndio utakaoamua shamba lote."

"Mdogo ni mimi," Merle akasema.

"We! Tangu lini? Jana tu ulininyima usukani, eti mkubwa ndiye huendesha!"

"Nilikutania, dada. Shikamoo."

"Shikamoo mwenyewe, bibi kizee!"

Wakirudi nyumbani, Avis akiendesha pikapu yao kwa kuwa Merle aligoma kushika usukani, walifika kwenye geti la shamba, mteremkoni juu ya bwawa. Kule dereva hubaki garini, abiria hushuka kufungua. Na kwao kushuka kulikuwa kazi ya mdogo. Wakashuka wote wawili.

"Rudi garini, dada, utavunjika nyonga!"

"Niachie mnyororo wa geti, ajuza we!"

Walipogeuka, pikapu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma mteremkoni, ikaingia bwawani taratibu hadi likabaki paa.

Kerrin alikuja na trekta.

"Shangazi zangu, nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna," walijibu kwa pamoja.

Binti akaingia majini hadi kifuani, akapapasa topeni, akaibuka akitema maji, akazama tena kutafuta pa kufungia kamba.

Avis alimtazama mpwa wake akizama na kuibuka.

"Wale wa klabu ya farasi," akasema, "hakuna hata mmoja ambaye angeingia humo. Kesho turudi kwa Pascoe, nikaandike jina la Kerrin kwenye wosia wangu."

"Sawa," Merle akasema. "Kwa gari lipi?"