Kichujio Cheusi

Tone, tone, tone. Alfajiri, giza likiwa bado zito, Evelina alisikia matone yakianguka kwenye sufuria jikoni. Yalikuwa ya haraka mno. Siku sita nzima yalidondoka polepole, kama mtu mwenye mawazo. Akajivuta kitandani, mwili umechoka kwa kukaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani, mchana na kusoma jioni, akawasha tochi ya simu.

Mafuta yalielea juu ya maji yaliyochujwa.

Akakitazama kichujio juu ya sufuria. Kichujio hicho, utando mweusi uliopakwa kaboni nyembamba mno iitwayo grafini, alipewa na Mwalimu Nestory wa darasa la jioni ili akijaribu kwa wiki moja: maji yapite, mafuta yabaki. Kikifaulu, chuo kingewawekea wakaangaji wa Igogo kikubwa. Kikishindwa, kata ingewaondoa, maana maji yao ya mafuta yaliteremka hadi ziwani.

Akakimulika. Katikati weusi ulikuwa umetoka.

"Umeona kinavyong'aa?" Mama mkwe wake, Paskazia, alisimama mlangoni na khanga yake. "Masizi gani yale! Nimekisugua kwa majivu mpaka mkono ukafa ganzi. Na elimu yako yote, mwanangu, chombo kinakushinda usafi?" Akacheka kile kicheko chake chenye kikohozi.

Mama huyu ndiye aliyekaa na mjukuu wake Precious kila jioni ili Evelina asome. Evelina akazima tochi.

"Ahsante, mama."

Saa mbili asubuhi Mwalimu Nestory akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, chai ipo."

Hakukaa. Aliinamia sufuria, akakunja uso. "Mbona mafuta yamepita? Umekifanya nini, Evelina?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui? Basi naandika kimeshindwa. Kimebaki kichujio kimoja tu, nitawapelekea wakaangaji wa Kamanga." Akatoa kalamu.

Paskazia alikuwa ameacha kumimina chai. Evelina aliitazama mikono ile, vidole vimechubuka. Atamwaibishaje mzee mbele ya mgeni, tena kwa wema wake? Macho yalimwuma kwa usingizi. Labda Mungu angefungua mlango mwingine.

Precious, wa miaka minne, akaweka kikombe chake chini.

"Bibi alikisugua kwa majivu."

Kalamu ya mwalimu ikasimama juu ya karatasi.